Picha ni Yao, Mgongo Wazi ni Wetu

Kenyatta Market hakuna nyama isiyo na mwenyewe. Ukishuka tu pale Mbagathi Way, vijana wa makoti meupe washakuona. "Boss, karibu, mbuzi iko tayari." "Madam, kuja huku nikuchagulie mbavu." Upande ule mwingine wasusi wanakukagua kichwa kwa macho kabla hujasema kama umekuja kula au kusukwa. Unachagua mbavu zako, zinawekwa kwenye mizani ukiziangalia, zinaenda motoni, zinarudi kwenye ubao zikiwa zimekatwakatwa, chumvi pembeni, kachumbari kwa sahani. Aliyekuchomea unamjua kwa jina, maana ndiye utakayemlaumu nyama ikiwa ngumu, na ndiye utakayempigia simu Jumapili ukiwa na wageni. Hapo ndipo napapendea. Mkono uliofanya kazi hauna pa kujificha.

Kwenye ubao kama huo ndiko simu yenye mafuta ya mbuzi ilipopitishwa hadi kwangu. Jamaa mmoja wa mbogi yetu alikuwa ametoka kwa wiki moja ya uvuvi wa mchezo Ziwa Victoria. Loji ya mbali, ndege ndogo kwenda na kurudi, chakula, vinywaji, boti, vyote ndani ya bei moja ambayo aliitaja kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayetaja umri wa mke wake. Pichani amemkumbatia mbuta mkubwa kama mtoto wa darasa la nne. Meza nzima ikasema wueh. Mimi nikaona kitu kwenye ukingo wa picha. Kulikuwa na mkono. Mkono wa mtu aliyevaa jaketi la kuelea la rangi ya chungwa, umekatwa begani, umeshika mkia wa samaki ili uzito usimwangushe mwenye picha. Nikauliza huyu ni nani.

"Ah, huyo ni wa boti."

Sina ugomvi na jamaa. Ni mtu poa, hulipa zamu yake, na likizo ni yake. Ugomvi wangu ni na biashara iliyompiga picha hiyo, na sisi tunaoipenda. Nasema hivi: huu unaoitwa mchezo haujawahi kuwa mchezo tu. Ni mojawapo ya sababu ziwa letu liko vile lilivyo. Bili yake ilipelekewa watu ambao hawakualikwa kucheza. Na unaendelea kwa sababu tumekubali kwamba anayeshika fimbo ndiye mvuvi, na anayelijua ziwa ni wa boti.

Tuanze na samaki mwenyewe, kwa sababu loji zinamuuza kama sehemu ya asili, kama simba au machweo. Mbuta, sangara kwa Watanzania, mputa kwa Waganda, si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Kwao ni mto Nile, Ziwa Albert, Ziwa Turkana. Miaka ya 1950 maafisa wa kikoloni wa idara ya wanyama na samaki nchini Uganda walitaka aletwe Victoria, na sababu zao zilikuwa mbili. Ya kwanza: atakula fulu, vile visamaki vidogo vyenye miiba ambavyo wao waliviita takataka, na kuvigeuza kuwa nyama kubwa ya kuuzika. Ya pili, nao hawakuificha, ni kwamba mbuta ni samaki mtamu kumvua kwa fimbo na mshipi. Bwana mkubwa akimaliza wiki ofisini apate kitu cha kushindana naye.

Wanasayansi wa kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki pale Jinja walipinga. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 akionya kwamba kumtia mla-samaki mkubwa hivyo ndani ya ziwa lisilomjua ni kucheza na kitu ambacho hakitarudishwa. Alikuwa sahihi na alikuwa amechelewa. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, mbuta alivuliwa karibu na Jinja. Watu walikuwa bado wanabishana kwenye karatasi na samaki alishaingia, kimyakimya. Kisha 1962 na 1963 akapandikizwa rasmi, upande wa Entebbe na upande wa Kisumu. Ukishafanya jambo kwa siri, unachobaki nacho ni kulitafutia sherehe.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1905 Ewart Grogan, settler aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wengi, alileta mayai ya trauti kutoka Scotland na kuyatia kwenye mto Gura, Aberdare, ili wazungu wa milimani wapate mchezo wa kwao. Mwaka 1929 ziwa Naivasha likatiwa samaki wa Kimarekani aitwaye besi, vilevile kwa ajili ya wavuvi wa fimbo. Kulikuwa na kisamaki kidogo cha wenyeji pale Naivasha. Mara ya mwisho kuandikwa kwamba kimeonekana ilikuwa 1962, na besi ndiye mshukiwa wa kwanza. Sasa chukua ramani ya maji ya nchi hii uitazame tena. Mito ya baridi ya Aberdare na Mlima Kenya, ziwa la Bonde la Ufa, ziwa kubwa la magharibi. Kila mahali kuna samaki aliyewekwa kwa sababu kuna mtu alitaka kitu cha kufanya Jumamosi.

Kwa miaka kama ishirini mbuta alitulia. Miaka ya 1980 akalipuka. Fulu, ambao mamia ya aina zao hazikupatikana mahali pengine popote duniani, wakaanza kutoweka kwenye nyavu. Wanasayansi wanakadiria aina zipatazo 200 zimekwisha kabisa. Nitasema ukweli wote: mbuta hakufanya hayo peke yake. Mbolea na uchafu kutoka mashambani na mijini vililigeuza maji kuwa ya kijani, hewa ikapungua huko chini, na uvuvi wenyewe ulizidi. Lakini ndiye aliyekuwa na mdomo.

Wale fulu walioitwa takataka walikuwa chakula. Hili ndilo linaloniumiza kuliko hata orodha ya aina zilizopotea, na ndilo watu wa mazingira hulipita haraka wakikimbilia majina ya Kilatini. Fulu anauzwa mafungu madogo kwa pesa ndogo. Mama anamwanika juani, anakauka, anasafiri kwenye kikapu hadi soko la ndani kabisa ambako hakuna stima wala barafu. Mbuta hakaukiki hivyo. Ana mafuta mengi. Lazima umpige moshi au umkaange, na moshi unataka kuni, na kuni zilikatwa kwenye vilima vilevile vinavyoonekana nyuma ya mgeni kwenye picha. Kumvua kunataka nyavu kubwa, mashua imara, injini. Kumuuza kunataka barafu na lori. Samaki aliyehitaji jua tu alibadilishwa na samaki anayehitaji kuni, mafuta, barafu na mkopo. Wenye mtaji wakaingia. Mama wa kikapu akaanza kusubiri ufukweni, na kule kusubiri kukazaa mambo ambayo pwani za Nyanza zinayajua kwa jina moja, jaboya, pale ambapo bei ya samaki haihesabiwi kwa shilingi peke yake.

Halafu huyu samaki akagawanywa. Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo mtaa wetu unapoingia.

Minofu ilienda Ulaya. Viwanda vilijengwa Kisumu, Mwanza, Jinja na kwingineko kuzunguka ziwa, na nyama nyeupe isiyo na mfupa ikaruka usiku kwa ndege. Hubert Sauper alitengeneza filamu kuhusu hilo, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, huko Mwanza. Wengine waliipenda, serikali ya Tanzania ilikasirika, na ndege ziliendelea kuruka. Mabondo, yaani kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki, yalienda China, na siku hizi kilo ya mabondo makubwa ina thamani ya kuwafanya watu wapigane. Kichwa, mkia na mifupa iliyobaki na uzi wa nyama katikati vilirudi kwetu. Tukaviita mgongo wazi, kama gauni la harusi. Watu wenye njaa huwa na ucheshi mkali.

Kuna mtaa mzima Kisumu, Obunga, unaojulikana kwa akina mama wanaokaanga mgongo wazi. Hapa Nairobi, tembea jioni kutoka Kenyatta Market, ushuke kupitia Highrise hadi uingie Kibera, utaziona karai zenyewe pembeni mwa njia, mafuta yakiruka, mifupa imepangwa kwa ukubwa. Ni tamu, sikatai. Ukiikaanga ikauke, uiunge na nyanya, uile na ugali na sukuma, utafyonza mfupa mpaka uombe msamaha. Lakini tamu haiondoi hesabu. Sisi wenye ziwa tunakula fremu. Na yule anayetaka samaki mzima anaenda Gikomba na kuna uwezekano mzuri anauziwa tilapia aliyegandishwa aliyetoka China kwa meli. Mabondo yanaenda, tilapia anakuja. Mtu angeandika hadithi hiyo mhariri angemwambia imezidi.

Kwa hiyo minofu Ulaya, mabondo China, mgongo Kibera. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu ambacho hakijauzwa, yaani ile dakika ya samaki kutoka majini akiwa hai. Loji ikaja ikaiuza hiyo nayo.

Kwa miaka mingi watalii wamekuwa wakirushwa kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara hadi visiwa vya Rusinga na Mfangano, asubuhi simba, mchana mbuta. Uganda wanauza mchezo huohuo chini ya maporomoko ya Murchison, ambako angalau mbuta yuko kwao, na ambako mwenye fimbo hulipia kibali cha hifadhi. Mgeni wa zamani alikuwa mzungu. Wa siku hizi ni mimi na wewe, wasee wa Kilimani na Lavington wenye kazi ya mtandaoni au ya benki, tunaotaka kitu ambacho Diani haikutupa. Na tunauziwa kwa maneno yaleyale waliyouziwa wao: mbali, porini, pasipoguswa.

Mbali na nani? Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja. Watu wanavuka kwa boda wakiwa na magunia. Kuna shule, makanisa, misiba, harusi, madeni ya duka. Tom Mboya amezikwa pale, ndani ya jengo lenye umbo la risasi, na watoto wa shule huenda kulitembelea. Mwaka 1948 Mary Leakey alichimbua pale fuvu la Proconsul, nyani wa mamilioni ya miaka, kwa hiyo ukisema kisiwa hicho hakijaguswa unabishana na viumbe waliokitembelea kabla mtu hajawa mtu. Kisiwa hakiko mbali. Kimewekwa mbali na tangazo, kwa sababu ukiwa karibu na watu utalazimika kuwasalimia.

Sasa twende kwenye fimbo. Dunia ya mchezo huu ina baraza lake, IGFA, lililoanzishwa mwaka 1939, ambalo ndilo linalotunza rekodi. Mbuta anayeshikilia rekodi alivuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, pauni 230, yaani kilo 104 na ushee. Baraza hilo lina kanuni ambayo kwangu ndiyo moyo wa jambo lote: tangu samaki aguse chambo, mwenye fimbo lazima amnase na apambane naye peke yake, bila mtu mwingine kugusa fimbo. Mwingine akigusa, samaki huyo hahesabiki. Msaidizi anaruhusiwa kushika sehemu ya mwisho ya mshipi na kumwopoa, basi.

Isome tena polepole. Mtu aliyejua kwamba upepo ukitoka upande fulani mbuta hukaa nyuma ya mwamba fulani, hahesabiki. Aliyeamka saa tisa usiku kutafuta chambo hai, hahesabiki. Anayeiongoza boti nyuma, mbele, kushoto, ili mshipi usikatike wakati mgeni anapiga kelele, hahesabiki, na hapo ukweli ni kwamba nusu ya pambano liko kwenye injini. Ujuzi wote umewekwa nje ya mstari, na ndani ya mstari amebaki yule aliyeketi kwenye kiti. Kisha kwa sababu yuko peke yake ndani ya mstari, anaitwa mshindi. Ni kama mimi nije Kenyatta Market, nichaguliwe mbuzi, nichomewe, nikatiwe, halafu nitafune, na niandikwe gazetini kwamba nimechoma.

Mtaniambia Hemingway. Najua mtaniambia, gazeti hili lina wasomaji wa vitabu. Lakini Santiago, yule mzee wa kitabu chake cha 1952, hakuwa mgeni wa loji. Alikuwa mvuvi maskini mwenye siku nyingi bila samaki, na alikuwa anatafuta riziki. Mgeni wa loji ni Hemingway mwenyewe, na hilo ni jambo lingine kabisa. Wengi husoma kitabu cha maskini kisha huenda kulipia likizo ya mwandishi.

Upande wa pili wa fimbo kuna nyavu, na kwenye nyavu maneno hubadilika. Mgeni akivua ni burudani. Kijana wa Homa Bay akivua ni "shinikizo kwa rasilimali". Mgeni akivuka mpaka wa maji kwa bahati mbaya ni kicheko cha jioni kwenye baa ya loji. Wavuvi wetu wakikaribia Migingo wanakamatwa, samaki wanachukuliwa, nyavu na injini zinachukuliwa, na wengine wanarudi na makovu, mwaka baada ya mwaka, huku Nairobi na Kampala zikitumiana barua za heshima. Sijasikia bado mtalii mwenye fimbo aliyelazwa kifudifudi kwenye mtumbwi.

Wavuvi si malaika, na nisingependa mtu aje kunijibu kwa hilo kana kwamba silijui. Kokoro zinazokwangua watoto wa samaki ufukweni zipo. Nyavu za plastiki zisizooza zipo. Mbuta wa sentimita ishirini wanauzwa mchana kweupe. Hayo yana sheria, na sheria hiyo, ikitekelezwa, hutekelezwa kwa moto: nyavu huchomwa hadharani, kamera zikiwepo. Ninachouliza ni kwa nini kipimo kinaishia ufukweni.

Maana kipimo kipo. Viwanda vya minofu vya ukanda huu viliwekewa mpaka wa mbuta wa kuchakata: sentimita 50 hadi 85. Chini ya 50 bado hajazaa. Juu ya 85 ndiye mzazi mwenyewe. Mbuta wakubwa kabisa kwa kawaida huwa majike, na jike mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Sasa niambie, nani amewahi kupiga picha na mbuta wa sentimita 60? Hakuna anayepanda ndege kwa ajili ya huyo. Mchezo mzima umejengwa juu ya kumtafuta yule tu ambaye kiwanda kilikatazwa kumgusa.

"Lakini tunaachilia." Ndiyo jibu la haraka, na linatolewa kwa upole wa mtu aliyerudisha sarafu iliyodondoka. Mnaachilia nini hasa? Samaki aliyevutwa kutoka kina kirefu hadi juu, kile kifuko cha hewa, kilekile wanachokinunua Wachina, hutanuka kwa sababu shinikizo la maji limepungua. Kikitanuka sana hawezi kurudi chini. Huelea, tumbo juu, na mwewe wa samaki hana haja ya kusubiri. Ongeza dakika zote alizopigana, ongeza dakika za kumnyanyua, kumgeuza upande wenye mwanga mzuri, kupiga tena kwa sababu mtu alifumba macho. Wengine huishi. Wavuvi wa fimbo waangalifu wanajua namna ya kufanya: vuta haraka, usimtoe majini, usimkumbatie, mwachie. Waangalifu hao wana kasoro moja tu ya kibiashara. Hawana picha.

Jibu la pili ni kazi na pesa. Hili nalipokea kwa heshima zaidi, kwa sababu nina watu wangu wanaolipwa mishahara na hoteli. Ndiyo, loji huajiri. Mpishi, mlinzi, mfua nguo, wa boti. Hata mbuta mwenyewe, pamoja na uharibifu wote, aliajiri watu wengi sana kuzunguka ziwa na kusomesha watoto ambao leo ni madaktari. Sitaki arudishwe Albert. Hilo halifanyiki tena, na ukimwambia mvuvi wa leo kwamba samaki wake ni kosa la kihistoria atakuuliza karo ya shule utalipa wewe? Lakini "inaleta kazi" si jibu la kila swali. Inaleta kazi gani, kwa nani, na jina la nani likiandikwa juu? Yule wa boti angeweza kuwa nahodha mwenye sifa zake, mtu anayeombwa kwa jina kama mpishi maarufu anavyoombwa, anayepandisha bei yake kila mwaka kwa sababu wageni wanarudi kwa ajili yake. Ujuzi wake ndio bidhaa. Anauziwa wageni kila siku na yeye halipwi kama mwenye bidhaa, analipwa kama kiti cha boti, halafu anaongezewa bakshishi, na bakshishi tunajua wote hutegemea kama samaki aliuma.

Jamaa yangu aliniuliza pale mezani, kwa hasira kidogo, kama nataka Mkenya asistarehe ndani ya nchi yake, mambo mazuri wayafanye wazungu peke yao kama zamani. Swali zuri. Jibu langu ni kwamba kurithi kiti cha bwana mkubwa si sawa na kukiondoa. Tulipigania mashamba, kisha wengine wetu wakaingia nyumba zilezile, wakaajiri wapishi walewale, wakapiga kengele ileile. Ziwani tunarudia igizo hilohilo kwa fimbo ya kukodi. Tofauti iliyopo ni kwamba bwana wa 1955 angalau hakujidai kuwa mtoto wa mtaa akirudi mjini.

Kwa hiyo mnifanyie hivi, nyinyi mnaopanga Desemba saa hizi. Mkitumiwa bei ya wiki, kabla ya kutuma pesa, ulizeni nahodha ni nani kwa jina na analipwa nini kwa siku, ukiondoa bakshishi. Ulizeni samaki akifa anaenda wapi: jikoni kwa loji, au kwa akina mama wa ufukwe, na kwa bei gani. Ulizeni kamati ya ufukwe, ile BMU ambayo mvuvi wa nyavu hawezi kuikwepa, inapata nini kwa kila boti ya mchezo inayotoka. Mtashangaa simu itakavyopoa. Mkikosa majibu, kuna mabasi ya usiku kutoka Nairobi hadi Mbita, kuna vyumba vya kulala vya bei ya mtu wa kawaida, na kuna wavuvi ambao wakilipwa vizuri watakubali mtu wa mjini aketi kimya kwenye mtumbwi wao alfajiri. Utalowa. Utaona kazi. Huenda usishike chochote.

Na kwa wale wanaotunga kanuni, ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Rula ya sentimita 85 ipelekwe pia kwenye boti ya loji. Samaki aliyezidi hapo apimwe akiwa bado majini, pembeni mwa boti, aachiwe hapohapo, na hakuna mtu wa kumpandisha mapajani. Atakayempandisha alipe faini ileile inayolipwa na kijana wa kokoro, na hiyo fimbo yake ichomwe ufukweni mchana, kamera zikiwepo.